Fundi alikata upande sahihi, mwembe ukaangukia jiko la jirani. Kosa liko wapi?

#1 Kijana wa Gungu
Wakuu, habari za jioni.

Niko Gungu, Kigoma mjini. Jumamosi tulikata mwembe wa nyumbani, ule aliopanda babu. Mama anataka pale tujenge vyumba viwili vya kupangisha. Fundi alikuja na chenso, ule msumeno wa injini, na vijana wake wawili, nami nikatafuta wengine wanne wa mtaani wa kuvuta kamba. Mpango ulikuwa mti ulale mashariki, kwenye kiwanja kitupu. Kaskazini kuna jiko la nje la mama jirani.

Fundi akachonga ule mdomo, lile pengo la kwenye shina, upande wa mashariki, nimeona kwa macho yangu. Akazunguka nyuma akaanza kukata. Mti ukalia, ukaanza kwenda mashariki vizuri kabisa, watu wakashangilia. Katikati ya safari ukageuza shingo, kama mtu aliyeitwa jina lake, ukalala kaskazini. Jiko limekwenda: bati nne, ukuta mmoja, na sufuria la maharage lililokuwa motoni. Mama jirani alikuwa ametoka kuchota maji dakika ileile. Mungu mkubwa.

Fundi anasema ni upepo. Vijana wanasema ni fundi. Mama anasema tulikata bila kuaga. Anayedaiwa jiko ni mimi. Naomba kujua: mti unakatwaje upande huu ukaangukia ule?

#2 Mla Mgebuka
Pole mkuu. Maharage yalikuwa yameshaiva?

#3 Sauti ya Mwanga
Wataalamu waje. Nimetandika mkeka.

#4 Timazi
Pole sana. Wengi wanaangalia shina wanasahau kichwa. Mti unaangukia uzito ulipo, ule mdomo unauomba tu.

Matawi makubwa yalikuwa upande gani? Mwembe wa uani haukui sawa. Upande wa nyumba unapunguzwa kila mwaka, upande wenye nafasi unajaa. Funga jiwe kwenye uzi, simama mbali, uning'inize mbele ya jicho uulinganishe na mti. Halafu hamia robo ya mduara urudie. Utaona unaegemea wapi. Shina linaweza kunyooka kama nguzo ya umeme huku kichwa chote kiko kwa jirani.

#5 Kijana wa Gungu
@Timazi tawi kubwa kuliko yote lilikuwa kaskazini, limevuka ukuta hadi kwa mama jirani. Ndilo walilochumia maembe miaka yote. Fundi alisema kulipunguza kwanza ni elfu ishirini ya ziada, nikaona ananitafutia hela tu.

#6 Mla Mgebuka
Elfu ishirini imezaa jiko. Uzi wa mada ufungwe.

#7 Mzee wa Sikonge
Usifungwe, bado mapema.

Nimepasua mbao miaka kumi na tisa huku Tabora, Sikonge na Urambo, mpaka magoti yakagoma. Nilianza na shoka na msumeno wa watu wawili, chenso imenikuta ukubwani.

Tawi peke yake silikubali. Mti wenye kichwa upande mmoja hukataa tangu mwanzo: unabana msumeno, au unaondoka moja kwa moja kwenda kwake. Wa kijana ulianza kutii, halafu ukaasi. Hiyo ni habari ya ubao unaobaki katikati.

Kwa wasiojua: mdomo unachongwa upande wa kuangukia, unaingia robo hadi theluthi ya unene wa shina. Kisha unakuja nyuma, unakata juu ya sakafu ya mdomo kwa vidole viwili hivi. Lakini hukati mpaka ukutane na mdomo. Unaacha ubao umesimama kutoka ubavu hadi ubavu, kama sehemu moja ya kumi ya unene. Shina la sentimita 60, acha 6. Huo ubao ndio bawaba, na mti ndio mlango. Mlango hauendi anakotaka anayesukuma, unaenda bawaba inakoruhusu.

Sasa bawaba ikiachwa nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, penye wembamba panakatika mapema, penye unene panabaki pameshika, na mti unavutwa kuelekea palipobaki pameshika. Ndiko kugeuza shingo huko.

Kisiki bado kipo? Kapime bawaba pande zote mbili kabla hawajakichimba.

#8 Binti wa Ujiji
Shikamoo mzee. Miaka yote nilidhani mdomo ndio unaovuta mti. Kumbe mdomo ni nafasi tu ya kuangukia.

#9 Fizikia ya Mtaani
Mzee wa Sikonge, nakupinga kidogo kwa heshima zote.

Inawezekana bawaba ilikuwa sawa na kosa liko kwenye upana wa mdomo. Mti unapolala, mdomo unafumba. Midomo ya juu na chini ikigusana, mti hauna pa kuendelea kukunja, bawaba inang'oka. Kuanzia hapo hakuna kinachouongoza, matawi ndiyo yanaamua. Mdomo wa nyuzi 45 unafumba mti ukiwa nusu tu ya safari. Ndiyo maana siku hizi wanafundisha kuufungua mpaka nyuzi 70 au zaidi, bawaba ishike karibu hadi chini.

Mleta mada amesema uligeuka "katikati ya safari". Hesabu inakaa.

#10 Mzee wa Sikonge
Marahaba binti.

@Fizikia, hilo siwezi kukubishia. Shoka lilikuwa linachonga mdomo mpana lenyewe, huwezi kuchonga mwembamba hata ukitaka. Hawa vijana wa chenso wanachonga tundu la kutumbukizia barua. Ila bado kisiki kipimwe.

#11 Dada wa Mwandiga
Naomba niulize kuhusu kamba, maana yaliyotukuta sisi yalianzia kwenye kamba.

Mume wangu alikata mchikichi mzee nyuma ya nyumba. Alifunga kamba vizuri, juu kabisa, akawapa shemeji zangu watatu wavute. Mti ukatii, ukaja kulekule ulikovutwa. Tatizo kamba ilikuwa fupi kuliko mti. Mmoja alikimbia kushoto, mmoja kulia, wa tatu akaanguka akalala chini, makuti yakamfunika. Tulimtoa amekwaruzwa miiba uso mzima, anacheka kama mwehu. Mpaka leo akiona kamba anaondoka.

Kwa hiyo mleta mada, kamba yenu ilikuwa urefu gani, ilifungwa wapi, na vijana walisimama wapi?

#12 Mla Mgebuka
Shemeji wa tatu apewe uraia wa heshima.

#13 Timazi
Dada @Mwandiga, na mchikichi una shida yake pia. Si mti wa mbao kama mwembe. Ndani ni nyuzinyuzi na ulaini, mbao ngumu iko pembeni, kwa hiyo bawaba ya kuitegemea usitarajie. Mchikichi ukatie mahali ambapo hata ukikosea hauna cha kuvunja.

Kujua urefu kabla ya kununua kamba: chukua fimbo iliyo sawa na umbali wa kutoka jichoni hadi kwenye ngumi yako ukinyoosha mkono. Ishike wima, rudi nyuma mpaka fimbo ifunike mti kutoka shinani hadi kileleni. Hapo uliposimama mpaka kwenye mti ndio urefu wake.

#14 Sauti ya Mwanga
Nimejaribu sasa hivi na mnazi wa jirani. Mnazi una mita 31. Nina shaka.

#15 Timazi
Umetumia fimbo fupi. Au umesimama bondeni. Ardhi iwe sawa.

#16 Sauti ya Mwanga
Nimetumia mwiko.

#17 Kijana wa Gungu
Hahaha, mwiko!

@Dada wa Mwandiga kamba ilikuwa ndefu, mita 30. Ila ilifungwa chini, juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima. Hakuna aliyekubali kupanda, mwembe wote ulikuwa umejaa majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini. Kijana wa kwanza alifika kwenye panda ya kwanza akarudi anavua shati.

#18 Fizikia ya Mtaani
Basi kamba ilikuwa pambo. Ukivuta kutoka mita 2 na ukivuta kutoka mita 6 kwa nguvu ileile, ya pili ina kazi mara tatu. Watu sita kwenye mita 2 ni sawa na watu wawili kwenye mita 6.

Kabari mlitumia? Tuseme mti una mita 12 na kutoka nyuma ya kisiki hadi kwenye bawaba ni sentimita 40. Kabari ikiinua nyuma sentimita 2 tu, kilele kinasogea sentimita 60. Mtu mmoja na nyundo anaweza kuwapita hao sita wa kamba.

#19 Kijana wa Gungu
Kabari haikuwepo.

#20 Mzee wa Sikonge
Kabari ya mti mgumu ulionyooka nyuzi, au ya plastiki. Si ya chuma. Mnyororo wa chenso ukigusa chuma umeula wa chuya.

#21 Nahodha wa Kibirizi
Mimi ni mtu wa maji, miti siijui, lakini upepo naujua. Fundi alisema upepo. Saa ngapi mlikata?

#22 Kijana wa Gungu
Saa 8 mchana.

#23 Nahodha wa Kibirizi
Basi fundi anakudanganya, au hajui anachosema. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko ziwa, upepo unatoka ziwani kuja huku. Usiku unageuka, unashuka milimani kwenda ziwani, ndio unaotusukuma sisi wavuvi. Ziwa liko magharibi yetu. Upepo wa saa 8 ungeusukuma mwembe mashariki, kulekule mlikotaka. Ungewasaidia.

#24 Binti wa Ujiji
Nahodha, ziwani sawa. Lakini Gungu kuna nyumba, kuta na miinuko, upepo unafika umeshazungukazunguka. Nguo zangu kwenye kamba zinapeperuka kila upande kwa saa moja. Na mwembe wenye majani yote ni tanga, wewe mwenyewe unajua tanga likishika upepo wa ubavuni.

#25 Nahodha wa Kibirizi
Hapo kwenye tanga umenikamata. Sawa, nusu nakuachia.

#26 Mjukuu wa Mwami
Naona mmezunguka kote ila hamtaki kugusa alichosema mama mzazi. Mti aliopanda babu. Kijana, chini ya ule mwembe hakuna kilichozikwa?

#27 Kijana wa Gungu
Mama anasema kitovu cha baba kiko pale.

#28 Mjukuu wa Mwami
Nimemaliza.

#29 Fizikia ya Mtaani
Mkuu, kitovu kina uzito gani cha kugeuza mti wa tani kadhaa?

#30 Mjukuu wa Mwami
Wewe pima uzito. Sisi kwetu mti wa namna hiyo unaambiwa siku mbili kabla, na mkubwa wa familia anapiga shoka la kwanza. Ninajua miti mitatu iliyokatwa hivyo na yote ililala ilikoelekezwa.

#31 Mzee wa Sikonge
Nisieleweke vibaya, sibezi. Kambini kwetu alikuwepo mzee mmoja, hakati mti mkubwa bila kuuzunguka mara tatu anaongea peke yake. Sisi vijana tulikuwa tunamcheka. Baadaye nikagundua katika mizunguko ile mitatu ameshaona tawi bovu, ameshaona tundu la nyuki, na ameshaona njia ya kukimbilia. Kama alikuwa anaongea na mizimu au na mti sijui, ila hakuwahi kuumia.

Mimi niliyemcheka ndiye niliyekoswakoswa. Ulikuwa mti wa mtundu, umeegemea mbele sana, nikaukata nyuma polepole kama kawaida. Kumbe mti unaoegemea hivyo una haraka kuliko wewe. Kabla sijafika kwenye bawaba shina likapasuka wima, kama kuni, kipande cha nyuma kikapanda juu mita tatu hivi, kikapita mbele ya pua yangu. Nilisikia upepo wake. Miti ya namna hiyo unatoboa katikati kwa ncha ya chenso, nyuma ya bawaba, unaacha mkanda mdogo wa nyuma ukiwa umeushika mti, na huo ndio unaokata mwisho ukiwa umesimama pembeni. Na njia ya kutorokea iwe ya mshazari kwenda nyuma, si nyuma moja kwa moja. Shina linaweza kurudi kinyumenyume juu ya kisiki kama mkuki.

#32 Sauti ya Mwanga
Nimesoma hii mara mbili. Ule mnazi wa mita 31 nauacha.

#33 Kijana wa Gungu
Wakuu, nimerudi kutoka kwenye kisiki. Nimechukua futi kamba ya fundi cherehani wa jirani (jirani mwingine, yule wa jiko hatusalimiani). Vipimo:

Unene wa kisiki sentimita 72. Mdomo umeingia 20. Uwazi wa mdomo pale kwenye gome ni 11. Mkato wa nyuma uko juu ya sakafu ya mdomo kwa 4.

Bawaba: upande wa kaskazini ina 9, na nyuzi zimesimama juu kama mswaki wa mti, ndefu nyingine zinafika urefu wa kidole. Ukienda kusini inazidi kupungua. Ubavu wa kusini kabisa haipo, kuna kama 1 au hakuna kitu.

#34 Mzee wa Sikonge
Nilisema nini?

Tisa kaskazini, sifuri kusini. Fundi alisimama ubavu mmoja, ncha ya chenso ikamtangulia upande asiouona. Mkono wake anaona unakwenda sawa, kule ng'ambo ameshakata bawaba yote. Shina la 72 ni nene, ng'ambo huoni, inabidi kuzunguka. Asipozunguka ndiyo haya.

#35 Fizikia ya Mtaani
Na mimi nilisema nini? Mdomo umeingia 20, uwazi 11. Hiyo ni kama nyuzi 29. Umefumba mapema sana.

#36 Timazi
@Fizikia nyuzi 29 kati ya 90 ni theluthi. Mleta mada alisema katikati. Hesabu yako ya #9 haikai tena.

#37 Fizikia ya Mtaani
Mtu anayekimbia mti hapimi nyuzi.

#38 Timazi
Lakini ukitaka ushahidi wa bawaba unapima?

#39 Fundi Seremala Tabora
Mimi nina swali tofauti. Upande wa kusini pale ambapo bawaba haipo: uso wake ni laini wenye mistari ya meno ya chenso, au umechakaa? Naomba uguse kwa kidole.

#40 Kijana wa Gungu
Nimekwenda tena na tochi. Nusu ya nje ina mistari ya chenso, laini. Nusu ya ndani haina mistari. Rangi yake kahawia iliyokolea, kidole kinabonyea, na kipande kikamegeka kama mkate wa juzi. Kuna na mchwa wachache.

#41 Fundi Seremala Tabora
Basi msimsulubu fundi peke yake. Pale palikuwa pameoza. Hata angeacha 7 sawasawa pande zote, upande wa kusini usingeshika. Mwembe mzee huoza moyoni ukaendelea kuzaa bila wewe kujua. Angegonga shina kwa nyuma ya shoka kabla hajaanza, angesikia mlio wa debe.

#42 Mzee wa Sikonge
Hapo kwenye kuoza nakubali. Lakini mistari ya chenso nusu ya nje inatosha kumfunga.

#43 Mama Shamba Kasulu
Kuoza kumetoka wapi upande mmoja tu? Kusini kuna nini?

#44 Kijana wa Gungu
Shimo la choo. Tulichimba miaka minne iliyopita, kama mita mbili kutoka kwenye mti. Nakumbuka tulikata mizizi minene kama paja.

#45 Mama Shamba Kasulu
Hilo ndilo jibu. Mmeukata mti miaka minne iliyopita, umeanguka Jumamosi.

#46 Timazi
Mama, umesema vizuri lakini ingekuwa mizizi, mti ungeng'oka na kisiki chake. Kisiki kimekaa palepale, mama mwenye nyumba anakisubiria kukichimba.

#47 Mama Shamba Kasulu
Mwanangu sikusema uling'oka. Mizizi ikikatwa, uozo unapanda kutoka kwenye jeraha. Soma tena.

#48 Timazi
Nimesoma. Samahani mama.

#49 Mtendaji Mstaafu
Huku mnakata tu, kibali mliulizia? Mwembe wa kupanda uani kwako ni jambo la kumwona mwenyekiti wa mtaa na halmashauri. Lakini wasomaji wengine wasije wakachukulia kila mti ni hivyo. Mninga uko kwenye miti iliyohifadhiwa kwa Sheria ya Misitu namba 14 ya mwaka 2002, hata ukiota katikati ya shamba lako la mihogo huukati bila leseni. Na kama waya wa umeme uko karibu kuliko urefu wa mti, usiguse, waite TANESCO wazime kwanza.

#50 Mla Mgebuka
Na ule mwembe wa Livingstone pale Ujiji nao una mtu anautamani?

#51 Binti wa Ujiji
Ule wa 1871, Stanley alipomkuta Livingstone, ulishakufa zamani. Iliyopo pale kwenye kumbukumbu wanasema ni watoto wake. Mimi nimekua naokota maembe pale, hayana utamu wowote wa kihistoria.

#52 Fundi Seremala Tabora
Kwa kuwa mninga umetajwa: mara ya kwanza kuona mninga ukikatwa nilikuwa mdogo, utomvu mwekundu ukatiririka kwenye gome, nikakimbia nyumbani nikisema baba ameua mtu.

#53 Mjukuu wa Mwami
Na hapo pia mtaleta hesabu.

#54 Mtendaji Mstaafu
Turudi kwenye deni. Kijana, mlikubaliana na fundi kwa maandishi nani analipa kikiharibika kitu?

#55 Kijana wa Gungu
Hatukuandikiana. Nilimpa elfu themanini mkononi, akasema "tulia, hii kazi ya chai".

Na kuna kitu sijasema. Jana nimewahoji wale vijana wa kamba mmojammoja. Walianza wamesimama mashariki sawasawa. Jua likawa kali, wakasogea kwenye kivuli cha ukuta. Kivuli chenyewe kiko kaskazini mashariki.

#56 Timazi
Subiri.

#57 Dada wa Mwandiga
Niliuliza tangu #11!! "Vijana walisimama wapi?" Ukajibu ya kamba na ya majimoto, ya tatu ukaikalia.

#58 Kijana wa Gungu
Samahani dada, nilikuwa sijui. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshika kuku wa mama wasikimbie.

#59 Mla Mgebuka
Tawi kaskazini, kamba kaskazini, bawaba kaskazini, choo kusini. Jiko lenyewe lilikuwa linaomba.

#60 Fizikia ya Mtaani
Kamba ya mita 2 haikuwa na nguvu, nilishasema #18. Wangesimama hata Uvinza.

#61 Dada wa Mwandiga
Haikuwa na nguvu ya kuuangusha. Mti ukishakuwa hewani na bawaba imeshaachia upande mmoja, unahitaji nguvu gani kuusogeza? Mtoto anasukuma mlango uliotoka bawaba ya juu.

#62 Mzee wa Sikonge
Huyu dada angekuwa kambini kwetu.

Kijana, na ile ya kuegemea ubavuni, kwa siku nyingine: ulitakiwa uache bawaba nene upande wa kusini, yaani kinyume na tawi zito, ishike mti usiende kaskazini. Fundi wako amefanya kinyume chake kabisa. Ila kwa kuwa kusini kumeoza, hata angeacha nene pengine ingemegeka. Mti uliooza moyo unashushwa tawi kwa tawi kutoka juu.

#63 Sauti ya Mwanga
Na majimoto?

#64 Mzee wa Sikonge
Moshi. Au elfu ishirini.

#65 Mtendaji Mstaafu
Kisiki kisiguswe. Mwenyekiti wa mtaa aje akione, apige picha, fundi awepo. Bila kisiki ni neno lako na neno lake.

#66 Kijana wa Gungu
Mwenyekiti alikuja leo asubuhi. Ametia kidole kwenye uozo, ametia kidole kwenye bawaba, akamwangalia fundi, akaniangalia mimi. Ameamua bati mbili fundi, bati mbili mimi, ukuta tutachanga nguvukazi. Fundi amekubali bati, lakini bado anasema ni upepo. Sufuria na maharage ni juu yangu.

Mpango wa vyumba umesimama kidogo. Mama amegundua kisiki kiko usawa mzuri wa mkono, ameweka ungo juu yake anaanika dagaa. Mama jirani naye ameleta wa kwake, wameanika pamoja. Sasa nikigusa kile kisiki nina kesi mbili.

#67 Mla Mgebuka
Dagaa kilo bei gani huko Gungu sasa hivi?